Dawati la makato la Jamatini, Dodoma: linakagua vizuri, ila nenda na simu yako mwenyewe

Mlinzi mwenye mshahara wa shilingi 300,000 anayechangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hatakiwi kukatwa hata shilingi moja ya kodi ya mshahara. Hesabu yake ni fupi. Asilimia 10 ya NSSF ni 30,000, inabaki 270,000, na 270,000 ndicho kiwango ambacho hadi hapo sheria haitozi kodi. Mhasibu akisahau kuitoa NSSF kwanza, silipu ya mshahara inasoma PAYE, yaani kodi ya mshahara, 2,400. Kwa mwezi ni kidogo, na nani atakwenda kugombana na ofisi kwa 2,400? Kwa mwaka ni 28,800, na kwenye nyumba inayoishi kwa laki tatu pengo hilo linaonekana.

Dawati tunalolitathmini hapa kazi yake ni hiyo: kusoma silipu, kuonyesha kilichozidi, na kumsaidia mwenye mshahara mdogo kukidai. Liko ndani ya steshenari moja karibu na stendi ya daladala ya Jamatini. Jina hatulitaji, kwa sababu lina kasoro moja kubwa tutakayoieleza na hatutaki iwe hukumu ya kudumu juu ya kazi nzuri. Linafunguliwa saa kumi jioni hadi saa moja na nusu usiku siku za kazi, na Jumamosi kutwa. Saa hizo zimepangwa na mtu anayewajua wateja wake. Walinzi wengi hupokezana lindo saa kumi na mbili, na wafanya usafi wa maofisi ya Mtumba wanafika mjini jua likiwa limeshazama. Ofisi inayofungwa saa tisa na nusu haiwasaidii watu hawa.

Bei zimebandikwa ukutani. Kukagua silipu moja ni 2,000, mwaka mzima 5,000, kuandaa ritani (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka) 15,000, na faili zima la kudai kurudishiwa kodi ni 20,000. Kopi unalipia kando. Hawachukui asilimia ya pesa itakayorudi, na kwetu hilo ndilo jambo la kwanza la kuwasifia, maana vishoka wanaozunguka na shughuli hizi huomba theluthi, wengine nusu, na huitaka kabla kitu chochote hakijarudi.

Kuna jambo linafaa kuwekwa sawa mapema, kwa kuwa dawati hulazimika kulieleza kila mara. Marekani, tangu 1975, kuna nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo ambayo humlipa mtu hata kama hadaiwi kodi yoyote. Video zake zinazunguka kwenye simu, na watu hufika mezani kuulizia fomu ya "hela ya wenye mishahara midogo". Tanzania hakuna fungu la namna hiyo. Kinachodaiwa hapa ni pesa ya mfanyakazi mwenyewe iliyokatwa kupita kiasi. Atakayekuahidi zaidi ya hapo anakutafutia ada.

Ukaguzi wenyewe wanaufanya vizuri sana. Dada anayekaa mezani ana rula ya plastiki na kalamu nyekundu. Mzee wa lindo akiketi anapewa shikamoo yake, anaitikia, anatoa silipu iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Rula inawekwa chini ya mstari wa mshahara ghafi, kisha nyuma ya karatasi ile ile inaandikwa mistari minne: ghafi, toa NSSF, toa 270,000, kinachobaki zidisha kwa asilimia 8. "Hapa, mzee, wamekata kodi kabla ya kutoa NSSF. Ndiyo maana." Mzee anaondoka na hesabu mkononi, kwa maandishi anayoweza kumpelekea mhasibu. Ni jambo dogo, lakini madawati mengi hukuambia tu "umezidishiwa" bila kukuonyesha imezidi wapi.

Mistari hiyo minne kila mfanyakazi angeijua. Chukua ghafi ya 400,000. NSSF 40,000, inabaki 360,000. Toa 270,000, inabaki 90,000. Asilimia 8 yake ni 7,200, na mkononi unatakiwa kupokea 352,800 kama hakuna makato mengine. Sasa tazama namna inavyoharibika. Asiyetoa NSSF kwanza atakukata 10,400. Anayetumia jedwali la zamani atakukata 8,100, kwa sababu ngazi ya kwanza ilikuwa asilimia 9 kabla ya kushushwa kuwa 8 Julai 2021, na faili la Excel lililorithiwa kutoka kwa mhasibu aliyeondoka linaweza kuendelea na 9 kwa miaka bila mtu kulifungua. Mbaya kuliko yote ni anayezidisha asilimia 8 kwa mshahara wote: 32,000. Hapo unaibiwa 24,800 kila mwezi, yaani 297,600 kwa mwaka, na mara nyingi si kwa hila bali kwa kutojua kwamba ile asilimia inahusu kilichozidi 270,000 peke yake. Mshahara ukivuka 520,000 baada ya kutoa NSSF, ngazi inabadilika: ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kilichozidi 520,000, hadi 760,000.

Dawati pia lina ujasiri wa kumwambia mteja kwamba hadai kitu. Kosa la kawaida la wafanyakazi ni kupiga hesabu kwa mshahara wa msingi na kusahau posho na saa za ziada, ambazo nazo hutozwa kodi. Mtu ana msingi wa 300,000 na posho ya 60,000, anaona PAYE 4,320 anakuja juu. Ghafi yake ni 360,000, NSSF 36,000, inabaki 324,000, kilichozidi ni 54,000, asilimia 8 ni 4,320. Mwajiri yuko sawa. Mteja analipa 2,000 yake na kwenda zake, na amekwepa ugomvi ambao angeshindwa.

Kwenye silipu kuna mistari miwili mingine ambayo wanaikagua bila kuombwa, na wanastahili shukrani kwa hilo: WCF na SDL. Ya kwanza ni mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5 ya mshahara. Ya pili ni tozo ya kuendeleza ujuzi. Zote mbili ni mzigo wa mwajiri. Ukiona WCF 1,500 imekatwa kwenye laki tatu yako, hiyo si kodi na Mamlaka ya Mapato, TRA, haiwezi kukurudishia. Anayedaiwa ni mwajiri, na pa kuanzia ni kwake mwenyewe, kisha afisa kazi, kisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1. Siku zinahesabiwa: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, mingine ndani ya siku 60. Dawati huandika tarehe hizo kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi. Linafanya vyema kutojiingiza kwenye shauri lenyewe, kwa kuwa siyo kazi yake.

Lakini fedha nyingi hazipo kwenye makosa ya mhasibu. Zipo kwa makundi mawili ambayo yamekatwa kwa kufuata taratibu kabisa, na bado yanadai.

Kundi la kwanza ni wenye kazi mbili. Dodoma wamejaa: usiku lindo Kisasa, mchana usafi Area D. Kanuni ni kwamba mwajiri wa kwanza anatumia ngazi za kawaida, na ajira ya pili inakatwa asilimia 30 moja kwa moja bila kile kiwango kisichotozwa. Tuseme lindo linalipa 280,000 na usafi 150,000. Kwenye lindo, baada ya NSSF inabaki 252,000, kodi hakuna. Kwenye usafi, baada ya NSSF inabaki 135,000, asilimia 30 ni 40,500, na kwa mwaka imefika 486,000. Sasa jumlisha mapato ya kazi zote mbili: 387,000 kwa mwezi, 4,644,000 kwa mwaka. Kiwango kisichotozwa kwa mwaka ni 3,240,000. Kilichozidi ni 1,404,000, na asilimia 8 yake ni 112,320. Huyu mtu amelipa 373,680 zaidi ya anachodaiwa. Hakuna aliyemwibia, wala hakuna mhasibu wa kumlaumu. Pesa inakaa tu ikisubiri ritani ambayo hakuna aliyemwambia aipeleke. Mwenye mwajiri mmoja aliyekatwa kodi yake yote kwenye mshahara kwa kawaida halazimiki kupeleka ritani. Mwenye waajiri wawili ni habari nyingine.

Kundi la pili ni waliofanya kazi nusu mwaka. Fundi wa jukwaa kwenye ujenzi wa Mtumba analipwa 600,000 kuanzia Januari hadi Mei, mradi unaisha, anarudi Kongwa kulima. Kila mwezi, baada ya NSSF, 540,000 imekatwa 24,000. Kwa miezi mitano ni 120,000. Mapato yake ya ajira ya mwaka mzima ni 2,700,000, chini ya 3,240,000. Kama hakupata kipato kingine cha kutozwa kodi mwaka huo, zile 120,000 zote ni zake. Dawati humuuliza swali hilo la kipato kingine mara mbili, na ni sawa. Ukificha biashara yako ya zabibu za Mpunguzi ili hesabu ipendeze, unatia saini tamko la uongo.

Kuna na wale ambao mkandarasi amewakata kodi ya zuio (anayoikata mlipaji kabla ya kukupa pesa) ya asilimia 5 kana kwamba ni kampuni inayotoa huduma, wakati ni vibarua wanaoingia saa moja na kutoka saa kumi chini ya msimamizi wake. Kwa 250,000 hiyo ni 12,500 kila mwezi, 150,000 kwa mwaka, kwa mtu ambaye kama mwajiriwa asingekatwa kodi yoyote. Kodi ya zuio ya namna hii huhesabiwa kama malipo ya awali ya kodi ya mwaka, kwa hiyo inadaika, ila bila cheti cha zuio hakuna mlango unaofunguka. Hapa dawati ni dhaifu. Wanapokea kesi hizi kama za PAYE, wanaomba silipu ambazo vibarua hawana, na mteja anazungushwa wiki mbili. Wangeanza kwa kuulizia cheti cha zuio siku ya kwanza.

Faili la kurudishiwa kodi linaandaliwa hivi. Kwanza ni barua kwa mwajiri, au kwa kila mwajiri, kuomba cheti cha mwaka kinachoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa. Sheria inamtaka mwajiri akitoe kufikia tarehe 30 Januari ya mwaka unaofuata, na mtu akiacha kazi katikati ya mwaka afadhali aombe chake anapoondoka. Wengi hawakiombi, na kampuni ikifungwa au mkandarasi akihamia mkoa mwingine, kukipata ni kazi. Pili ni TIN, namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure. Tatu ni ritani ya mwaka, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni kwa mwaka wa Januari hadi Desemba uliopita. Nne ni maombi ya kurejeshewa, yakiwa na silipu, vyeti, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, na akaunti yenye jina la mdai mwenyewe. Dawati linatumia maneno "kurudishiwa kodi" na kukwepa "marejesho", kwa kuwa mtaani marejesho ni yale ya mkopo wa kila wiki, na mama aliyesikia neno hilo anaweza kuinuka kwenye kiti kwa hofu. Tumelipenda hilo.

Mambo yanakwama wapi? Kwanza kwenye TIN. Mtu aliyewahi kuchukua leseni ya udereva alishapewa TIN isiyo ya biashara, akaisahau. Akijaribu kuomba nyingine kwa namba ile ile ya kitambulisho cha taifa, NIDA, mfumo unamkatalia, naye anadhani kafungiwa. Ulizia TIN ya leseni kwanza. Pili kwenye majina. NIDA inasoma majina matatu, orodha ya mwajiri ina mawili, benki imeandika herufi moja tofauti. Faili la namna hiyo linasimama hadi jina lisahihishwe, na kusahihisha kwa mwajiri ni rahisi kuliko NIDA, kwa hiyo anzia huko. Tatu ni deni la zamani. Aliyewahi kufungua TIN ya biashara ya duka au bodaboda na kuiacha bila kuifunga anaweza kukuta makadirio ya kodi yamelala humo, na kinachotakiwa kurudi kitafidia kwanza deni hilo. Dawati linapaswa kukagua hili kabla ya kupokea 20,000. Kwa sasa linakagua baadaye, na haifai mtu alipe ada ya faili ambalo halitamletea kitu.

La nne ni gumu zaidi: kodi iliyokatwa lakini haikufika. Mwajiri hutakiwa kupeleka PAYE ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, pamoja na orodha ya wafanyakazi. Kama jina lako halimo kwenye orodha, maombi yako yanageuka kuwa uchunguzi wa mwajiri, nawe unakuwa shahidi. Hapo silipu zako ndizo silaha, zote, mwezi kwa mwezi. Silipu ya karatasi ya joto inafutika ndani ya miezi michache kwenye joto la Dodoma. Itoe kopi siku unayoipata, au ipige picha ukaitume kwenye barua pepe yako.

Kwa makosa ya mwaka huu huu, ushauri wao tunauunga mkono kabisa: usikimbilie TRA. Mpelekee mhasibu ile karatasi ya mistari minne. Akikubali kosa anaweza kulirekebisha kwenye mishahara ya miezi inayofuata ndani ya mwaka, na unapata pesa yako bila ritani wala faili. Mwendee kwa upole, ikiwezekana wawili au watatu wenye silipu zinazofanana, kwa sababu kosa la jedwali halimpati mtu mmoja. Kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi akiwepo, aende yeye.

Sasa kasoro yenyewe. Wakati wa kumfungulia mteja akaunti kwenye mfumo wa mtandao wa TRA, dawati hutumia namba ya simu ya dawati na barua pepe ya dawati, "ili isisumbue". Neno la siri linaandikwa kwenye daftari la kaunta. Tunaelewa sababu: wateja wengi wana simu za vitochi, hawana barua pepe, na namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe zinaisha muda wakiwa bado wanatafuta miwani. Lakini matokeo yake ni mabaya. Taarifa zote za TRA zinakwenda kwa mtu mwingine. Ukihamia Singida au dawati likifungwa, huwezi kuingia kwenye akaunti yako. Na yeyote atakayelifungua daftari lile anaweza kubadilisha akaunti ya benki ambako pesa inarudi. Hatusemi kuna aliyefanya hivyo. Tunasema mlango uko wazi, na wanyonge ndio wanaoumia milango ya namna hii ikiachwa wazi. Simu ya kitochi inapokea ujumbe vizuri tu, kinachotakiwa ni subira ya dakika tano. Barua pepe inafunguliwa pale pale, bure. Neno la siri mteja aliandike mwenyewe, kwenye kadi yake, aondoke nalo.

Kasoro ndogo: risiti hawatoi hadi uombe. Omba.

Je, unaweza kuyafanya haya bila wao? Ukaguzi, ndiyo. Kwenye tovuti ya TRA kuna kikokotoo cha PAYE, na mistari minne hapo juu inatosha kwa mshahara usiozidi 520,000 baada ya NSSF. Bajeti husomwa Juni na viwango vipya, vikiwepo, huanza Julai Mosi, kwa hiyo angalia jedwali kila Julai. Maofisa wa elimu kwa mlipakodi kwenye ofisi za TRA nao wanaelekeza bila malipo, kwa anayeweza kupata ruhusa kazini mchana. Ritani ya waajiri wawili ndiyo inayohitaji mkono wa mtu mzoefu, na kwa 15,000 dhidi ya laki tatu na sabini zinazoweza kurudi, tunasema wapeni kazi hiyo.

Tungetoa nyota nne kati ya tano kwa ukaguzi, tatu kwa faili, na moja kwa utunzaji wa siri za wateja. Siku wakianza kutumia simu ya mteja tutaongeza bila kusita.

Ukienda, beba silipu za miezi yote 12, namba ya NIDA, TIN ya leseni kama unayo, kadi ya benki, na simu yako ikiwa na chaji. Nenda Februari au Machi. Kuanzia katikati ya Juni foleni inafika barabarani, mtandao unakuwa mzito, na dada mwenye rula hana tena muda wa kukuandikia mistari minne.